Njia ya Kurudi: Sifa za Fundi Umeme wa Magari wa Kolwezi

Katika kazi zote zinazofanywa juu ya gari, hakuna inayodai fikra nyingi na kuacha ushahidi mchache kama kazi ya kutafuta hitilafu ya umeme, kwa sababu chuma kilichovunjika huonekana kwa macho na mafuta yanayovuja huacha doa chini, lakini mkondo wa umeme uliopotea njia hauna rangi wala harufu, na anayeutafuta hana budi kuuwaza kwanza ndipo authibitishe kwa kipimo. Insha hii inaisifu kazi hiyo kama inavyofanywa Kolwezi, makao makuu ya jimbo la Lualaba tangu Katanga ya zamani ilipogawanywa mwaka 2015, na katika ukanda wa shaba unaouzunguka mji huo, kuanzia Kingamyambo na Musonoi hadi Fungurume na njia iendayo Likasi. Fundi umeme wa magari, ambaye mara nyingi hukaa kando ya barabara na mita yake mkononi bila kibao wala geti, anafanya kazi ya kitaalamu kwa maana kamili ya neno hilo, na thamani yake iko zaidi katika sehemu alizoziacha bila kuzigusa kuliko katika kipuri alichokibadilisha.

Mji wenyewe humpa kazi isiyokwisha. Kolwezi iko kwenye uwanda wa juu unaozidi mita 1,400 kutoka usawa wa bahari, na mwaka wake umegawanyika waziwazi kati ya kiangazi cha vumbi jekundu linalopenya hadi ndani ya soketi za nyaya, na masika ambamo maji huingia palepale vumbi lilipotangulia kukaa. Magari mengi ya familia hufika yakiwa yametumika miaka mingi kwingine, mengine yakiwa yameteremshwa bandarini Dar es Salaam na kupitia Zambia hadi mpaka wa Kasumbalesa, na baadhi yake bado yana usukani wa kulia katika nchi inayoendesha upande wa kulia wa barabara. Kila mmiliki aliyetangulia ameacha alama yake: redio iliyofungwa kwa waya uliosokotwa na kuzungushiwa utepe, king'ora cha wizi kilichochomekwa popote palipopatikana umeme, taa za ukungu zisizo na fyuzi. Gari la familia hupeleka watoto shuleni, hubeba magunia kutoka sokoni na hukimbiza mgonjwa hospitali usiku, kwa hiyo gari linalokataa kuwaka asubuhi moja kati ya asubuhi tatu, bila mtu kujua ni ipi, huitia nyumba nzima wasiwasi kuliko gari lililokufa kabisa.

Umeme wa gari huanzia kwenye batri yenye vyumba sita, kila kimoja kikitoa volti 2.1 hivi, ambavyo vikiungwa kwa mfuatano hutoa volti 12.6 batri ikiwa imejaa na imetulia. Kutoka kwenye ncha chanya mkondo hupita kwenye fyuzi, yaani kipande chembamba cha metali kilichokusudiwa kuyeyuka mkondo ukizidi ili waya usiungue. Hupita kwenye swichi, au kwenye relei, ambayo ni swichi inayofungwa kwa sumaku ya umeme ili mkondo mdogo wa kitufe uamuru mkondo mkubwa. Kisha hufika kwenye taa, mota au honi na kufanya kazi yake. Hadi hapo kila mwenye gari huyafuata maelezo bila shida. Kinachosahaulika ni kwamba mkondo lazima urudi kwenye ncha hasi ya batri, na kwamba watengenezaji, ili kupunguza uzito na gharama ya shaba, hawakuweka waya wa pili wa kurudia kutoka kila taa bali waliifanya bodi nzima ya chuma kuwa njia ya kurudi. Njia hiyo mafundi wa Kolwezi huiita masi, na wenzao wa Dar es Salaam na Mombasa huiita ethi. Haina rangi yake, haina fyuzi yake, na mara nyingi inategemea skrubu moja iliyofungwa kwenye bati lililopakwa rangi. Sehemu kubwa ya hitilafu zinazowashangaza watu hukaa humo, katika nusu ya saketi ambayo hakuna aliyeifikiria.

Mfano mmoja unastahili kuelezwa kwa utulivu, kwa kuwa ndani yake mna kazi yote kwa ufupi. Gari dogo la zamani lina tabia ya ajabu: dereva akikanyaga breki mchana, taa ndogo zinazoangaza dashibodi huwaka kwa hafifu, ilhali swichi ya taa imezimwa. Mwenye gari huilaumu dashibodi, na fundi asiye na subira huifungua, akavunja vishikizo vya plastiki ambavyo havitapatikana tena. Aliyeiva katika kazi hii haendi mbele ya gari, bali huenda nyuma na kufungua buti. Anajua kwamba globu ya nyuma ina nyuzi mbili ndani ya kioo kimoja, uzi wa wati 21 kwa ajili ya breki na uzi wa wati 5 kwa ajili ya usiku, na kwamba nyuzi hizo zinatumia masi moja. Masi hiyo ikishikwa na kutu, mkondo wa breki hupita kwenye uzi mkubwa, hufika mahali nyuzi mbili zinapokutana, hukuta njia ya kurudi imefungwa, na hapo hugeuka kuupitia uzi mdogo kinyumenyume, ukatoka kwenye waya wa taa za usiku. Waya huo umeungana na taa zote za usiku za gari, zikiwemo za dashibodi, ambazo masi zao ni nzima. Basi mkondo huzipitia hizo na kurudi kwenye batri. Dashibodi haikuwa na ugonjwa wowote, na mkondo nao haukukosea, kwa sababu ulifuata njia pekee iliyobaki wazi. Tiba ni skrubu moja, kipande cha msasa na mafuta mazito ya kuzuia maji, na kazi yote ya mikono haichukui robo saa.

Ukubwa wa jambo hilo huonekana zaidi pale injini yenyewe inapopoteza masi. Injini hukaa juu ya mipira inayopunguza mtetemo, na mpira haupitishi umeme, kwa hiyo mkanda wa nyaya za shaba zilizosukwa huiunganisha injini na bodi au na batri. Mkanda huo ukikatika, demareri, yaani mota inayoizungusha injini wakati wa kuwasha, bado inataka ampea zaidi ya 100, na mkondo huo hutafuta pa kupita hata kwenye kebo ya akselereta au ya klachi, ambayo ni waya mwembamba wa chuma usioundwa kwa kazi hiyo, ukaipasha moto hadi ala yake ya plastiki ikalainika. Fundi anayeambiwa kwamba kebo hiyo imebadilishwa mara kadhaa na bado inakwama, naye akaenda moja kwa moja kuutafuta mkanda wa masi, ameunganisha mambo mawili ambayo katika fikra za kawaida hayana undugu wowote.

Kanuni inayoyaeleza haya yote ilichapishwa mwaka 1827 na mwalimu wa Kijerumani, Georg Simon Ohm: volti zinazopotea katika kipande chochote cha njia ni sawa na mkondo ukizidishwa kwa ukinzani wa kipande hicho, ukinzani ukiwa ni ile hali ya njia kuuzuia mkondo. Kanuni ni fupi, lakini matokeo yake humchanganya asiyeizoea. Kama bolti ya masi ina ukinzani wa omu 0.02 tu, taa inayotumia ampea 2 hupoteza volti 0.04, nayo huwaka kama kawaida. Lakini demareri inayovuta ampea 150 hupoteza hapo volti 3, na kwa kuwa batri nayo hushuka wakati wa kuwasha, kinachobaki hakitoshi kuizungusha injini, na mwenye gari husikia mlio wa "ka" chini ya boneti na kisha kimya. Taa kali, honi kali, gari haliwaki. Mtu hununua batri mpya. Mita ya bei nafuu haiwezi kuipima omu 0.02 moja kwa moja, kwa sababu hata nyaya zake za kupimia zina ukinzani mkubwa kuliko huo, na ndiyo sababu fundi mzuri hapimi ukinzani bali hupima volti zinazopotea: hugusisha ncha moja ya mita kwenye ncha hasi ya batri na nyingine kwenye chuma cha injini, humwomba mwenzake azungushe ufunguo, na husoma. Sehemu hizo mbili zinapaswa kuwa kitu kimoja, na mita inapaswa kuonyesha karibu sifuri. Ikionyesha volti 3, ugonjwa uko kati ya vidole vyake viwili. Hakuna kilichofunguliwa bado, wala senti haijatumika.

Jambo hili ndilo linalowatenganisha mafundi, kwamba umeme hupimwa ukiwa kazini, si ukiwa umepumzika. Waya wenye nyuzi ndogo ishirini ndani yake, kumi na tisa zikiwa zimekatika, utaipa mita ya kisasa volti 12 kamili, kwa kuwa mita haivuti mkondo wa kutaja, na fundi anayeiamini namba hiyo ataapa kwamba waya ni mzima. Ni sawa na daraja lililobaki gogo moja, ambalo mpita njia huvuka salama na kutoa habari kwamba njia ni nzuri. Kwa hiyo mafundi wengi wa Kolwezi hawajaitupa testa ya zamani, yaani globu iliyofungwa nyaya mbili, ingawa wana mita za kidijitali. Globu huvuta mkondo, na palipo na gogo moja inaweza kuufichua udhaifu ambao mita haiuoni. Aliyezoea vitabu peke yake anaweza kukidharau chombo hicho, na atakuwa amekosea.

Katika nchi ya shaba, hitilafu za nyaya zina rangi inayofahamika. Gari la petroli la kawaida lina kilo 20 hivi za shaba, nyingi ikiwa ndani ya nyaya, na shaba hiyo ikipata maji na hewa kwa muda mrefu hurudia ukijani wa mawe ambamo ilichimbwa. Malakaiti, jiwe la kijani linalopatikana kwa wingi katika ardhi ya Lualaba, ni shaba iliyoungana na kaboni na maji, na wahunzi wa kale wa Katanga, walioyeyusha shaba na kuimimina katika umbo la misalaba iliyotumika kama fedha, waliujua ukijani huo kuwa dalili ya mahali pa kuchimba. Fundi umeme huusoma ukijani huohuo kuwa dalili ya mahali pa kukata. Ukijani ndani ya soketi ni wa maji ya mvua au ya kuoshea injini. Unga wa buluu iliyofifia karibu na batri ni wa tindikali, na huo ni wa kuhofiwa zaidi, kwa sababu tindikali hupanda ndani ya ala ya waya na kuila shaba mbali na pale ilipoingilia, huku nje waya ukionekana mpya. Vidole vilivyozoea huugundua waya wa namna hiyo kwa ugumu wake unapokunjwa. Pale Kingamyambo mabaki ya kinu cha kuchenjulia shaba yalirundikwa kwa miongo mingi, na baadaye kampuni zikayarudia kwa ajili ya shaba na kobalti zilizosalia ndani yake. Hakuna wilaya duniani inayoelewa vizuri zaidi kwamba kilichoitwa mabaki kinaweza kuwa bado na mali, na mafundi wa mji, wanaookoa soketi na relei nzima kutoka magari yaliyokufa, wanaishi kwa ufahamu huohuo.

Kuna hitilafu nyingine ambayo hudai subira ya aina tofauti, nayo ni ya batri inayokwisha usiku gari likiwa limezimwa. Katika gari la leo kuzima ufunguo hakuzimi kila kitu: kompyuta za injini, za milango na za king'ora huendelea kuwa macho kwa dakika kadhaa, wakati mwingine nusu saa, kisha hulala zikibakiza mkondo mdogo wa miliampea 20 hadi 50, ambao batri ya ampea-saa 60 inaweza kuuvumilia kwa wiki nyingi. Kitu kimoja kikikataa kulala na kuvuta nusu ampea, batri hupoteza ampea-saa 12 kila siku, na gari lililolazwa Ijumaa jioni huenda lisiwake Jumatatu, hasa katika asubuhi za Juni na Julai ambazo Kolwezi huwa za baridi na batri hupungukiwa na nguvu yake. Fundi mwenye haraka huchomoa fyuzi moja baada ya nyingine akitazama mita, na kila anapochomoa huziamsha kompyuta, kisha hupima uamsho alioufanya mwenyewe. Mwenye busara hufungua mlango, hulisukuma komeo lake kwa bisibisi ili gari lidhani mlango umefungwa, huliacha gari lilale, halafu hupitisha ncha mbili za mita juu ya mgongo wa kila fyuzi bila kuitoa mahali pake. Fyuzi nayo ina ukinzani mdogo, kwa hiyo ile inayopitisha mkondo huonyesha sehemu ya milivolti, na nyingine zote sifuri. Njia hii haivunji wala haiamshi kitu, na kwa ustaarabu wake ni vigumu kupata kipimo kinachoishinda.

Pengine fyuzi zote huonyesha sifuri na batri bado inakwisha, na hapo fikra huhamia kwenye alteneta, kifaa kinachochaji batri injini ikiwa inazunguka. Alteneta huzalisha mkondo geu, unaobadili mwelekeo mara nyingi kwa sekunde, na dayodi, ambazo ni milango ya umeme inayofunguka upande mmoja tu, huunyoosha ili batri iweze kuupokea. (Kolwezi inalijua jambo hili kwa kipimo kikubwa sana: njia ya umeme kutoka bwawa la Inga, yenye urefu wa kilomita 1,700 hivi na iliyokamilika mwaka 1982, huleta mkondo mnyoofu hadi kituo cha Kolwezi, na hapo hugeuzwa kuwa mkondo geu kwa ajili ya migodi.) Dayodi ikiharibika, mlango hubaki wazi pande zote mbili, na usiku batri huvuja kupitia alteneta yenyewe. Mafundi wa zamani huitambua hali hiyo bila chombo: alfajiri, kabla gari halijawashwa, huweka kiganja juu ya alteneta, na ikiwa chuma chote cha injini ni cha baridi lakini hapo pana joto, jibu limepatikana.

Hitilafu zinazokuja na kuondoka ndizo ngumu kupita zote, na juu yake hakuna mengi ya kuandika, kwa kuwa dawa yake ni kuilazimisha hitilafu ijitokeze: kuutikisa mshipi wa nyaya injini ikiwaka, kuipasha sensa joto kwa makusudi, kunyunyizia maji, kufungua na kufunga mlango mara nyingi ambapo nyaya hujikunja kwenye bawaba.

Kuhusu mashine za kusoma hitilafu, ambazo leo huuzwa kwa bei ndogo na kuunganishwa na simu, sifa na tahadhari zinakwenda pamoja. Marekani iliyalazimisha magari mapya kuwa na soketi ya pamoja ya uchunguzi kuanzia yale ya mwaka 1996, na tangu hapo kompyuta ya injini huweza kutaja kwa namba saketi inayoishuku. Lakini namba hutaja saketi, haitaji kipuri: P0340 inasema ishara ya sensa ya kamshafti haifiki inavyotakiwa, na chanzo kinaweza kuwa sensa, waya wake, soketi yake au masi yake. Anayenunua sensa kwa sababu ya namba hiyo amecheza bahati nasibu kwa fedha ya mteja. Kwa upande mwingine, mtandao wa nyaya mbili unaoziunganisha kompyuta za gari, ulioanzishwa na kampuni ya Bosch na kutangazwa mwaka 1986, una siri ndogo inayompendeza kila anayeijua: katika kila mwisho wake mna kinzani ya omu 120, kwa hiyo batri ikitenganishwa, mita kati ya nyaya hizo mbili husoma omu 60; ikisoma 120, upande mmoja umekatika. Namba mbili tu, na gari lenye kompyuta nyingi limekwisha kugawanywa nusu iliyo nzima na nusu iliyo mgonjwa.

Maarifa haya hayakuota yenyewe kando ya barabara. Kampuni ya madini ya Union Minière, na baada ya kutaifishwa mwaka 1967 Gécamines, ilikuwa na shule na karakana zilizofundisha mafundi umeme kwa nidhamu kali. Kampuni ilipodhoofika katika miaka ya 1990, na wafanyakazi zaidi ya 10,000 wakaondoka kwa mpango wa kujitolea wa 2003 na 2004, walikuwemo waliotoka na kipimo kichwani ingawa hawakuwa na kazi. Taasisi ya taifa ya mafunzo ya ufundi, INPP, iliyoundwa mwaka 1964, inaendelea kufundisha. Hata hivyo sehemu kubwa ya ujuzi bado hupita kutoka kwa fundi kwenda kwa mwanafunzi chini ya boneti, na michoro ya saketi inayopatikana imeandikwa kwa Kifaransa, Kiingereza au Kijapani, hivyo kijana anayejifunza kwa Kiswahili hulazimika kufuata mistari bila maneno. Kitabu kimoja cha michoro ya magari yanayotembea Lualaba, kilichoandikwa kwa Kiswahili safi, kingefaa kuliko misaada mingi ya vyombo.

Linalobaki ni malipo, na hapa desturi ya mji inapaswa kubadilika. Mteja hulipa kwa moyo mweupe akikabidhiwa alteneta kuukuu ndani ya mfuko kuwa ushahidi kwamba mpya imewekwa, lakini hunung'unika akiambiwa kwamba ugonjwa ulikuwa skrubu moja na kwamba saa mbili za kupima zina bei. Kwa desturi hiyo fundi mkweli hupata hasara na mbadilisha vipuri hupata faida, na vijana wanaotazama hujifunza hesabu hiyo upesi kuliko kanuni ya Ohm. Zipo gereji ambazo zimeanza kuandika uchunguzi kwenye risiti kama mstari wake wenyewe, wenye bei inayokubaliwa kabla boneti haijafunguliwa, na baada ya kazi humwita mwenye gari asogee, ashike ncha za mita mwenyewe, asome volti zilizokuwa zikipotea na zilizopo sasa, huku mwanawe akizungusha ufunguo.